Mtoto Alale Wapi? Kumzoesha Mtoto Mchanga Kulala Kitandani Mwake



Somo letu la robo hii linahusu jambo linalofanyika katika kila nyumba kila usiku, lakini ni mara chache tunalijadili katika vikao vyetu: kumlaza mtoto mchanga. Tunapozungumzia afya ya mtoto tunataja chanjo, lishe na maji safi. Usingizi huachwa kando, kana kwamba unajileta wenyewe. Hata hivyo, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unaeleza kuwa mtoto wa chini ya miezi mitatu anahitaji kulala saa 14 hadi 17 kwa siku, na wa miezi 4 hadi 11 saa 12 hadi 16. Maana yake ni kwamba zaidi ya nusu ya miezi yake ya kwanza mtoto huyu anaipitisha akiwa amelala. Mahali anapolala si jambo dogo.

Baada ya somo hili tunatarajia kila kamati iweze:
- kueleza hatari zinazomkabili mtoto mchanga wakati wa usiku;
- kumwelekeza fundi wa kijijini atengeneze kitanda au kikapu salama cha mtoto;
- kumsaidia mama amzoeshe mtoto kulala humo kwa utulivu;
- kupanga msaada ambao hautaleta madhara badala ya faida.

1. TUNAKOTOKA: KULALA NA MAMA

Katika Milima ya Uluguru, kuanzia Kinole na Matombo upande wa mashariki hadi Mgeta upande wa magharibi, mtoto mchanga hulala na mama yake. Mchana yuko mgongoni ndani ya mbeleko, mama akipalilia au akishuka na mzigo kwenda sokoni. Usiku yuko ubavuni mwa mama, karibu na ziwa.

Desturi hii haikuletwa na ujinga. Ina sababu zake nzuri. Kwanza, ni baridi. Nyumba nyingi za Mgeta ziko juu milimani, na miezi ya Juni na Julai usiku huko si sawa na usiku wa Morogoro mjini. Mwili wa mama ni joto la bure. Pili, mtoto hunyonya mara nyingi usiku, na mama aliye karibu hamlazimishi kulia sana. Tatu, chumba mara nyingi ni kimoja. Nne, chandarua nacho mara nyingi ni kimoja.

Tunaziandika sababu hizi mwanzoni kwa makusudi. Mwezeshaji anayefika kijijini na kusema tu "Kuanzia leo mtoto asilale na mama" atasikilizwa kwa heshima, na usiku hakuna kitakachobadilika. Anayetaka kubadili mahali pa kulala mtoto hana budi ajibu yote manne: joto, ziwa, nafasi na mbu.

Tukumbuke pia kwamba kwa Waluguru mtoto huhesabiwa katika ukoo wa mama yake. Bibi mzaa mama na mjomba wana sauti katika malezi. Tukimfundisha mama peke yake kliniki, na bibi nyumbani hajasikia somo, tumefanya nusu ya kazi.

2. HATARI ZA USIKU

(a) Kulaliwa na kuzibwa pumzi. Jambo hili ni la kale. Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 3, kesi iliyoletwa mbele ya Mfalme Sulemani ilianza na mama aliyemlalia mwanawe usiku, mtoto akafa. Sisi tunakumbuka hekima ya mfalme, na tunasahau chanzo cha msiba. Mtoto mchanga hana nguvu ya kugeuza kichwa chake wala kuondoa nguo iliyomfunika pua. Hatari huongezeka zaidi pale mzazi mmoja anapokuwa amekunywa pombe, amevuta sigara, ametumia dawa za kulevya au dawa zinazoleta usingizi, au amechoka kupita kiasi; pale watoto wakubwa wanapolala kitanda hicho hicho; pale godoro linapobonyea; na pale mtoto alipozaliwa kabla ya wakati au akiwa na uzito mdogo. Kusinzia na mtoto kwenye kiti cha sofa ni hatari kuliko kusinzia naye kitandani.

(b) Kulala kifudifudi. Kwa miaka mingi hata wataalamu wa nchi tajiri waliwashauri wazazi wawalaze watoto kifudifudi. Utafiti ulipoonyesha kuwa ulalaji huo unaongeza vifo vya ghafla vya watoto wachanga, kampeni za kuwalaza chali zilianzishwa Uingereza mwaka 1991 na Marekani mwaka 1994. Katika miaka iliyofuata vifo hivyo vilipungua kwa nusu au zaidi. Hakukuwa na dawa mpya wala mashine mpya. Mtoto aligeuzwa tu.

(c) Jiko la mkaa chumbani. Hii ndiyo hatari tunayowaomba wanakamati wa milimani waisemee kwa sauti kubwa wakati wa kipupwe. Mkaa unaowaka, na hata ule unaoonekana kuwa umebaki majivu mekundu tu, hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Mlango na dirisha vikifungwa ili baridi isiingie, hewa hiyo hujaa chumbani na kuua watu wakiwa usingizini. Jiko lisiingizwe chumba cha kulala, hata kwa dakika chache, hata mlango ukiachwa wazi kidogo.

(d) Mbu. Tutalieleza hili katika sehemu ya 4, kwa sababu ndipo mradi mzuri wa vitanda unapoweza kuharibika.

3. KITANDA GANI?

Wasomaji wengi wakisikia "kitanda cha mtoto" wanafikiria kile cha dukani mjini, chenye fito pande zote na magurudumu chini. Hicho ni kimoja tu. Watu wa pwani wanalijua susu, kitanda kidogo cha kuning'iniza. Musa aliwekwa kikapuni. Mtoto wa Bethlehemu alilazwa horini. Kinachotakiwa ni nafasi ya mtoto peke yake iliyo tambarare, ngumu kiasi, yenye kingo, na iliyo karibu na mama. Tunapendekeza aina mbili.

Kikapu cha mtoto. Mafundi wanaosuka matenga ya mianzi ya kubebea nyanya na matunda wana ujuzi wote unaohitajika. Urefu uwe kama sentimita 75, upana 40, na kina 20 hadi 25. Kitako kiwe tambarare kabisa, kisibonyee katikati. Mianzi iwe imekomaa na kukauka, kingo za ndani zipigwe msasa ili zisichome ngozi. Ndani liwekwe godoro jembamba na gumu linaloenea hadi pembeni bila kuacha mwanya. Kikapu hiki kinamfaa mtoto tangu kuzaliwa hadi anapoanza kujigeuza au kujiinua kwa mikono, kwa kawaida kati ya mwezi wa nne na wa sita. Hapo kinaacha kuwa salama, kwa sababu anaweza kukipindua.

Kitanda cha fito. Hiki hutengenezwa na seremala kwa ajili ya mtoto aliyekua kidogo. Fundi azingatie mambo yafuatayo:
- Nafasi kati ya fito na fito isizidi sentimita 6. Ikizidi, kiwiliwili kinaweza kupita na kichwa kikabaki.
- Kutoka godoro hadi juu ya ukingo iwe walau sentimita 60, ili mtoto aliyeanza kusimama asianguke.
- Kingo zote zisimame imara. Kusiwe na upande unaoteremka.
- Nguzo za pembeni zisichomoze juu, nguo isije ikanasa shingoni.
- Misumari izamishwe. Tusitumie rangi za mabaki zisizojulikana, kwa kuwa baadhi ya rangi zina madini ya risasi na mtoto atazitafuna.

Ndani ya kitanda au kikapu tunaweka godoro, shuka iliyochomekwa vizuri, na mtoto. Basi. Hatuweki mto, hata ule laini wa sufi. Hatuweki midoli, wala nguo zilizokunjwa, wala blanketi zito. Mtoto asivalishwe kamba, mkufu au hirizi shingoni wakati wa kulala.

Na baridi je? Joto la mtoto litoke kwenye nguo alizovaa. Mvalishe nguo mbili au tatu nyepesi za pamba, na soksi. Kama blanketi ni lazima, liwe jepesi, lisipite kifuani, na ncha zake zichomekwe chini ya godoro. Kitanda kinaweza kupashwa joto kabla kwa chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, ila chupa iondolewe kabla ya kumlaza mtoto. Kujua kama amepata joto la kutosha, gusa kifua au kisogo, siyo viganja. Viganja vya mtoto mchanga huwa vya baridi hata akiwa sawa. Kisogo kikitoka jasho, punguza nguo.

4. CHANDARUA KWANZA

Mkoa wa Morogoro una historia ya pekee katika jambo hili. Kuanzia mwaka 1996, katika wilaya za Kilombero na Ulanga, ulifanyika mradi wa vyandarua uliojulikana kama KINET, ukiendeshwa na kituo cha utafiti cha Ifakara na washirika wake. Vyandarua na dawa yake viliuzwa kwa bei nafuu kwa jina la Zuia Mbu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 katika jarida la kitabibu la Lancet yalionyesha kuwa vyandarua vyenye dawa vilihusiana na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa umri wa mwezi 1 hadi miaka 4. Ushahidi huu uliosaidia kujenga mpango wa taifa ulitoka kwenye vijiji vya mkoa wetu wenyewe. Mwaka 2004 Serikali ilianza utaratibu wa Hati Punguzo kwa wajawazito, uliodumu hadi 2014. Kuanzia 2016 ukaja utaratibu wa kugawa chandarua kliniki, mama anapohudhuria kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito, na mtoto anapopata chanjo ya surua akiwa na miezi 9.

Sasa tutafakari. Nyumba ina chandarua kimoja, kimefunika kitanda cha mama. Mtoto amelala humo kwa usalama dhidi ya mbu. Parokia inaleta kitanda kizuri cha mtoto, kinawekwa ukutani. Usiku huo mtoto ametoka kitandani kwa mama, na ametoka pia ndani ya chandarua. Tumemwondolea hatari moja na kumpa nyingine, ambayo katika maeneo ya bondeni kama Mvuha na Kisaki ni kubwa sana. Hata kule juu, ambako baridi hupunguza mbu, familia hushuka bondeni kulima na kufanya biashara, na watoto hushuka nao.

Kwa hiyo kanuni yetu ni moja: hakuna kitanda cha mtoto bila chandarua. Kuna njia mbili za kuitimiza:
- Kikapu cha mtoto kikae juu ya kitanda cha mama, upande wa ukutani au pale ambapo hakiwezi kuanguka, chini ya chandarua kile kile. Mtoto ana nafasi yake, mama anamsikia akipumua, ziwa liko karibu, na mbu amebaki nje. Kwa nyumba ya chumba kimoja, hii ndiyo njia tunayoipendekeza kwanza.
- Kitanda cha fito kiwe na chandarua chake chenye dawa, kilichochomekwa chini ya godoro pande zote, kisichomgusa mtoto, na kisicho na kamba zinazoning'inia ndani.

5. HATUA ZA KUMZOESHA MTOTO

Mama wengi hujaribu kitanda usiku mmoja, mtoto analia, na kesho kitanda kinawekewa nguo au mahindi. Hilo si kosa la mama. Mtoto aliyezoea joto na mapigo ya moyo wa mama hawezi kuachia vyote kwa usiku mmoja. Tunashauri hatua hizi.

Hatua ya kwanza: tofauti ya mchana na usiku. Mtoto mchanga hajui saa. Mwili wake huanza kutambua mchana na usiku anapofikia takribani miezi miwili au mitatu. Tumsaidie. Mchana dirisha liwe wazi, watu wazungumze kawaida. Usiku taa iwe hafifu, sauti ya chini, na anapoamka kunyonya asichezeshwe.

Hatua ya pili: anza na usingizi wa mchana. Mlaze kikapuni mara moja kwa siku, mama akiwa karibu akichambua mboga au akikunja nguo. Akizoea mara moja, ongeza ya pili. Usiku uje mwisho.

Hatua ya tatu: harufu ya mama. Kanga ambayo mama ameivaa siku mbili tatu itandikwe kama shuka, ivutwe na kuchomekwa vizuri chini ya godoro isiweze kujikunja. Mtoto hutambua harufu ya mama yake kabla hajatambua sura yake vizuri.

Hatua ya nne: utaratibu ule ule kila jioni. Kuoga maji ya uvuguvugu, kupakwa mafuta, kunyonya, kucheuliwa, wimbo mmoja, kulazwa. Wimbo uwe ule ule. Bibi ndiye mwalimu bora hapa, kwa kuwa bembelezi za nyumbani anazo yeye. Baada ya siku kadhaa mtoto huanza kulegea wimbo unapoanza, kwa sababu amejua kinachofuata.

Hatua ya tano: mlaze akiwa na usingizi lakini hajalala kabisa. Hapa ndipo penye siri ya somo zima. Mtoto aliyelala mikononi na kuzindukia kitandani hushtuka, kama mtu mzima aliyelala chumbani na kuzindukia uani. Aliyeingia kitandani macho yakisinzia, akizinduka anapajua alipo. Usingizi wa mtoto huenda kwa mizunguko mifupi ya takribani saa moja, na mwisho wa kila mzunguko huzinduka kidogo. Anayepatambua mahali mara nyingi hujirudisha mwenyewe.

Hatua ya sita: namna ya kuteremsha. Miguu na matako yatangulie kugusa godoro, kisha mgongo, kichwa mwisho. Mlaze chali. Acha kiganja chako kifuani pake kwa dakika chache, kisha kiondoe taratibu.

Hatua ya saba: akilia. Subiri kidogo umsikilize, maana watoto hugugumia na kujinyoosha wakiwa bado usingizini. Kama ni kilio kweli, gusa, ongea naye, na ikibidi mnyanyue. Je, ana njaa? Amelowa? Ana homa? Akitulia, mrudishe. Hatushauri mtoto wa miezi ya mwanzo aachwe alie peke yake. Anaamka kwa sababu tumbo lake ni dogo na maziwa ya mama huyeyushwa haraka. Kumnyonyesha usiku ni haki yake na pia hulinda wingi wa maziwa.

Baba naye ana kazi. Mama akishanyonyesha, baba anaweza kumcheua mtoto na kumrudisha kikapuni, ili mama aliyechoka asisinzie naye akiwa ameketi.

6. MASWALI TUNAYOULIZWA

"Akilala chali si atapaliwa na maziwa?" Swali hili huulizwa sana na bibi zetu, na lina msingi wa upendo. Jibu ni hapana. Mtoto mwenye afya akilala chali, njia ya hewa inakuwa juu ya njia ya chakula. Maziwa yakirudi, yanahitaji kupanda ndipo yaingie kwenye pumzi, hivyo huyameza au kuyatema. Akilala kifudifudi mpangilio huo hugeuka. Akishaweza kujigeuza mwenyewe pande zote mbili, mlaze chali, kisha mwache achague.

"Nimpe uji mwepesi jioni ili ashibe alale?" La. Hadi atimize miezi sita, maziwa ya mama peke yake yanatosha, bila maji wala uji. Uji wa mapema huleta kuhara na kupunguza kunyonya. Zaidi ya hayo, kunyonyesha kwenyewe hupunguza hatari ya vifo vya ghafla vya usiku.

"Je, piritoni au dawa ya kifua?" Hapana kabisa. Kumlaza mtoto kwa dawa ni kumlewesha, na pumzi yake inaweza kudhoofika. Vivyo hivyo dawa za mitishamba za chango zisizojulikana kipimo chake.

"Anashtuka na kukakamaa usiku, ni dege?" Mtoto anayekakamaa, kupoteza fahamu au kutetemeka kwa homa ana dalili ya hatari. Degedege linaweza kuwa malaria kali au homa ya uti wa mgongo. Apelekwe kituo cha afya usiku huo huo, asisubiri mganga wala asubuhi.

"Na kama hakuna kikapu wala kitanda?" Basi tupunguze hatari. Godoro gumu, mtoto alazwe chali, mbali na mito na blanketi la wakubwa, pasiwepo mwenye kulewa wala watoto wengine ubavuni mwake, na chandarua kimefungwa vizuri. Mkeka ulio juu ya sakafu kavu, karibu na mama na ndani ya chandarua, ni bora kuliko kitanda cha kifahari kisicho na chandarua.

7. MTOTO NJITI HAANZI NA KITANDA

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo anahitaji kwanza kifua cha mama. Njia ya kangaruu, yaani ngozi kwa ngozi mchana na usiku, ilianzishwa Bogotá, Kolombia, mwaka 1978 hospitali ilipopungukiwa na mashine za kutunzia joto. Utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani katika hospitali za nchi tano, Tanzania ikiwa mojawapo, ulichapishwa mwaka 2021 na kuonyesha kuwa kuanza njia hiyo mara tu baada ya kuzaliwa kulipunguza vifo kwa robo nzima. Hivyo kamati isimpe mama wa njiti kikapu na kumhimiza akitumie haraka. Afuate maelekezo ya muuguzi. Kikapu kitamsubiri.

8. TUJIFUNZE KWA WENGINE

Ufini ilianza mwaka 1938 kuwapa kina mama maskini kifurushi cha mahitaji ya mtoto mchanga. Watoto wengi walilala usingizi wao wa kwanza ndani ya sanduku la kifurushi hicho. Mwaka 1949 lilianza kutolewa kwa kila mama, kwa sharti kwamba amehudhuria kliniki kabla ya mwezi wa nne wa ujauzito kwisha. Nguvu ya mpango huu haikuwa katika karatasi ngumu. Ilikuwa katika sharti lile: sanduku lilimleta mama kliniki mapema.

New Zealand, vifo vya watoto wachanga usingizini viliwagusa zaidi Wamaori, ambao nao hulala na watoto wao. Badala ya kuwakemea, mwaka 2006 kulianzishwa kikapu kilichosukwa kwa majani ya asili kwa ufundi wa Kimaori, kiitwacho wahakura, ambacho huwekwa kitandani kwa wazazi. Mtoto yuko karibu, lakini ana nafasi yake. Tunaona hapa mfano unaofanana sana na hali ya Uluguru, ambako mianzi ipo, wasukaji wapo, na upendo wa kulala na mtoto upo.

9. KAZI YA KAMATI NA YA WAFADHILI

Kwa kamati za parokia:
- Orodhesheni wajawazito katika jumuiya ndogo ndogo, na mwatembelee kabla ya kujifungua wakiwa pamoja na bibi na baba wa mtoto.
- Tafuteni msukaji na seremala wa kijijini. Tengenezeni kikapu kimoja cha mfano, kipimeni kwa rula, kisha agizeni vingine.
- Kikapu kitolewe kwa mama mwenye kadi ya kliniki, pamoja na chandarua. Kama hana chandarua, aulizwe kwanza kama alikipata kliniki.
- Mtembeleeni mama mara mbili katika mwezi wa kwanza. Angalieni mtoto amelazwaje, na siyo tu kama kikapu kipo.
- Kikapu kikirudishwa, kioshwe kwa sabuni, kianikwe juani, kikaguliwe, kisha kipewe mwingine. Godoro liwe safi na kavu.

Kwa marafiki zetu wafadhili tunasema asante, na tunaomba ruhusa ya kuwa wakweli. Vitanda vilivyotumika kutoka ng'ambo si kila mara msaada. Vitanda vyenye upande unaoteremka vilipigwa marufuku Marekani mwaka 2011 baada ya watoto kunaswa na kufa. Mwaka 2022 sheria ya nchi hiyo ilipiga marufuku pia mito ya kuzungushia kingo za ndani na vitanda vya mwinamo. Kilichokataliwa huko kisije kikapakiwa kwenye kontena kuja Morogoro. Fedha ya usafiri wa kitanda kimoja italipa mianzi, godoro na ujira wa fundi hapa hapa, na ujuzi utabaki kijijini. Kama mngependa kuleta kitu, leteni vyandarua vyenye dawa vilivyoidhinishwa, na changieni nauli ya wale wanaopanda milima kuwatembelea kina mama.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKAO

1. Katika kijiji chetu, mtoto mchanga analala wapi, na nani ndani ya nyumba huamua?
2. Ni nyumba ngapi katika jumuiya yetu zinazoingiza jiko la mkaa chumbani wakati wa baridi? Tutawafikiaje kabla ya mwezi wa Juni?
3. Nani anajua kusuka vikapu? Je, mjomba wa mtoto anaweza kuombwa kukitengeneza au kukigharimia?
4. Tukitoa vikapu, tutahakikishaje kwamba kila kimoja kinalala ndani ya chandarua?
5. Nani atawafundisha bibi, na kwa lugha ipi?

MAMBO MATANO YA KUKARIRI

Mtoto alale chali. Alale katika nafasi yake, chumba kimoja na mama. Pasiwe na mto wala blanketi zito. Jiko la mkaa libaki nje. Chandarua kwanza, kitanda baadaye.

Tunaomba kila kamati ifanye kikao kimoja juu ya somo hili kabla ya toleo lijalo, na itutumie vipimo vya kikapu ilichotengeneza pamoja na bei aliyotoza fundi, ili parokia nyingine zipate pa kuanzia.